Davina Hajui Kukaanga Yai

Juu ya duka la chipsi, Cleethorpes
Jumanne, 8 Aprili 1975

Neville wangu, mume wangu (acha niandike tena: mume wangu!),

Umeondoka juzi tu na sweta lako limekwisha kupoteza harufu yako kwa jinsi ninavyolikumbatia. Bahari ya Kaskazini ina bahati kubwa, inakuona kila siku, na wala haikuvaa gauni jeupe wala kula kiapo. Nikipita dirishani naiambia, "Mtunze huyo, ni wa kwangu."

Mama yako hajambo. Leo amenifundisha kukoroga rojo la unga la kuchovyea samaki. La kwanza alisema linafaa kubandikia karatasi za ukutani. La pili nilikaangia kipande, akakigeuza, akakinusa, akasema, "Nimewahi kuona kibaya zaidi." Neville, nimelifurahia neno hilo mchana kutwa!

Sasa habari yenyewe, kaa chini. Ronnie mpiga picha alipiga simu dukani. Mama ndiye aliyepokea, akaniita kwa ile sauti yake ya kuitia wateja, "Yvonne! Bosi wako wa zamani wa studio!" Maskini, bado anaamini kazi yangu London ilikuwa kusafisha picha za harusi na pasipoti. Ronnie anasema ile picha yangu ya mwisho, tuliyopiga wiki ile kabla ya harusi, inatoka Ijumaa ya wiki ijayo kwenye gazeti la Gong. Ukurasa wa tatu, ule wa wasichana vifua wazi! Ilikuwa imelala drooni mwao muda wote huu; wao huweka akiba ya wasichana kama sisi tunavyoweka akiba ya viazi. Nilikusimulia ilivyokuwa: wigi la rangi ya dhahabu, mkufu wa bibi, na zile soksi zako za sufu alizofuma Mama, za kijivu zenye mstari mwekundu, kwa sababu studio ya Ronnie ni baridi kama friji na nilikataa kabisa kuzivua. "Ziache," akasema, "zinapendeza." Zaidi ya hapo sikuwa na mengi mwilini, unajua kazi yenyewe ilivyo.

Lakini zawadi yako ni maneno ya chini ya picha. Niliyaandika kwa mkono wangu na Ronnie akaahidi kuyapeleka ghorofani kwa wenye kalamu: "Yvonne, 24, anaolewa na Neville Blanchard, fundi mitambo, mwanamume mzuri kuliko wote baharini." Nchi nzima itasoma, mpenzi! Wakinywa chai yao!

Ila Mama asijue. Unajua mtaa mzima unatuletea magazeti yake ya zamani ya kufungia samaki, na Mama ni mtu wa kanisani. Kuanzia Ijumaa hiyo nitapekua kila rundo kama polisi. Nataka anipende, Neville. Nataka siku moja atazame kipande changu cha samaki na kusema ni kizuri, basi, bila kuongeza neno.

Wako hadi bahari ikauke,
Yvonne


Kwenye mtambo wa mafuta, Bahari ya Kaskazini
Jumamosi, 12 Aprili 1975

Kipenzi changu,

Barua yako imefika na helikopta pamoja na kabichi. Nimeisoma mara nyingi mpaka Dougal akaniuliza kama ni mtihani.

Dougal ni mchomeleaji vyuma, mtu wa Peterhead, ana mikono kama makoleo. Ukuta wa kantini ni wake. Kila ukurasa wa tatu unaotoka anaubandika, na anawajua wote kwa majina, miji yao na farasi wao, yote kutoka maneno ya chini ya picha. Jana nilimwambia, "Wiki ijayo utambandika mke wangu." Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye buti. "Mke wako wewe?" akasema. "Basi mimi Malkia ni shemeji yangu." Kantini nzima ikaangua kicheko.

Wacheke. Magazeti ya Ijumaa hutufikia Jumamosi. Nimewaalika wote, hata mpishi, na Dougal atasoma maneno yako kwa sauti kubwa. Nitavaa soksi za aina hiyohiyo, jozi yangu nyingine.

Kuhusu Mama, niachie mimi. Nitamweleza kwa utulivu. Kwa simu. Nikiwa huku.

Neville wako


Mtamboni
Jumamosi, 19 Aprili 1975

Yvonne,

Gazeti limefika.

Walikuwa wamejaa kantini, wengine wamesimama juu ya viti. Dougal akafungua ukurasa, akakohoa kidogo kama mchungaji, akasoma. Nakunakilia neno kwa neno, usije ukasema nimeongeza chumvi:

"DAVINA ANATAFUTA MPISHI! Davina, 21, wa Chelsea, anapenda farasi na wanaume wenye misuli. Na bado yuko peke yake, vijana! Mrembo huyu anakiri kwamba hajui kukaanga hata yai. Na hizo soksi? Aliachiwa na mchezaji mpira aliyemvunja moyo."

Halafu Dougal akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, "Neville, mwanangu, wewe ndiye huyo mchezaji mpira?"

Niliweka mguu juu ya meza. Nikapandisha suruali. "Tazameni! Soksi ni zilezile! Mama yangu ndiye anayezifuma!" Mpishi akasema hata yeye ana kofia kama ya mfalme mmoja aliyemwona kwenye picha. Tangu hapo naitwa Mchezaji. Nikiomba chumvi, wanauliza kama ni ya Davina, maana hajui kupika.

Hayo nayavumilia. Lakini nimelala nikiwaza hilo la "peke yake". Uliniambia Ronnie ni rafiki. Uliniambia uliandika kwa mkono wako. Sasa nashindwa kuelewa: maneno yalipoteaje kutoka mkononi mwako mpaka ghorofani? Au ulifikiria kwamba mtu mwenye mume hapati tena kazi? Niambie tu. Ningeelewa. Nisingependa, lakini ningeelewa.

Nilibandua picha ukutani. Dougal akaibandika tena. Anasema sina haki, mimi si ndugu yake.

Neville


Juu ya duka
Jumatano, 23 Aprili 1975

Neville, Neville, Neville wangu,

Nimelia mpaka Mama akadhani ni vitunguu, na dukani hatuna vitunguu.

Nakuapia kwa pete hii! Mimi siye niliyesema niko peke yangu. Mimi humwambia hata mtu wa posta kwamba nimeolewa, naye hajaniuliza. Nilimpigia Ronnie kutoka kile kibanda cha simu karibu na gati, na nilimfokea kiasi kwamba mbwa aliyekuwa nje alikaa chini.

"Mpenzi, tulia," akasema. "Msichana mwenye mume hauzi gazeti."

"Lakini nimeolewa!"

"Wote mmeolewa. Yule wa Jumanne ana watoto watatu. Kwani hujui inavyokwenda? Ghorofani kuna kijana mmoja, kila Jumatatu kabla ya chakula cha mchana anaandika maneno ya wasichana wote wa wiki. Hajakutana hata na mmoja. Hata msichana wa kawaida sidhani kama amekutana naye. Wote wana miaka ishirini na moja, wote wanapenda farasi."

"Na maneno yangu?"

"Alisema ni marefu. Halafu akasema 'fundi mitambo' haina mvuto."

Nilimwambia yeye ndiye asiye na mvuto. Ronnie akacheka, akaanza kunihadithia mambo ya zamani, alipokuwa bado anabeba taa za wapiga picha wengine. Enzi hizo magazeti yalitoa wasichana wa ufukweni, vazi la kuogelea lisiloruhusu hata kitovu kuchungulia, na maneno yalikuwa ya uongo vilevile: kila mmoja alikuwa karani anayependa muziki wa opera. "Halafu, miaka michache hii, gazeti moja likawavua nguo, mengine yote yakaogopa kuachwa nyuma, yakawavua pia. Nguo ndizo zilizopungua, mpenzi. Uongo uko palepale."

Inanisaidia nini hiyo? Nimemwomba waandike sahihisho. Anasema Gong hawajawahi kusahihisha hata matokeo ya mbio za farasi.

Mpenzi, niliwaza nipande helikopta nije nisimame mbele ya huyo Dougal na cheti cha ndoa kifuani. (Juu ya nguo!) Lakini kwenye helikopta hawachukui wake za wafanyakazi. Basi niambie nifanye nini. Nitafanya. Nisichoweza ni wewe kuniita "Yvonne" tupu, na koma mbele, kama bili ya umeme.

Mama bado hajui. Nimeuchomoa ukurasa huo kutoka katika kila rundo, Neville, mtaa huu wote unasoma Gong, hata wale wanaosema hawasomi! Nimezichoma kurasa zote kwenye jiko la nyuma. Imekuwa ajabu kujitazama nikiungua mara nyingi hivyo.

Wako, mwenye mume, mwenye mume, mwenye mume,
Yvonne


Dukani
Jumamosi, 26 Aprili 1975

Neville,

Natumaini unakula vizuri. Huku kuna upepo.

Jana jioni duka lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Akaingia Bwana Tordoff, mpiga kinanda wa kanisani, ambaye alikuwa amekwisha kununua na kuondoka. Alikuwa amebeba samaki wake kwenye viganja kama mtoto wa kubatizwa. Akaja moja kwa moja mpaka kaunta, akaninong'oneza, na unajua mnong'ono wake unavyosikika mpaka barabarani: "Bibi Blanchard, sitaki kuleta maneno. Lakini nadhani mkwe wako amefunga samaki wangu."

Nikamjibu, "Bila shaka amemfunga. Ndiyo kazi yake."

"La," akasema. "Namaanisha yumo."

Nikafungua. Mke wako alikuwa amesimama kando yangu na kijiko cha chipsi, amekuwa mweupe kuliko samaki mbichi. Jana alikuwa analia tangu asubuhi kwa sababu ya barua fulani, na huwezi kuona unachofungia macho yakiwa yamejaa maji. Ninafahamu sasa kwa nini nyuma ya duka kulikuwa na moshi wiki nzima.

Uso wala sikuutazama, na lile wigi lingemficha hata kwa mama yake. Nilitazama soksi. Kisigino cha kushoto kina mshono ulioruka, nilikosea usiku ule paka alipoangusha taa. Hakuna mwingine Uingereza mwenye mshono ule. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: kwa nini soksi nilizokufumia wewe amevaa mtu mwingine, nawe uko katikati ya bahari?

Bwana Tordoff alitaka kujua kama nahitaji kukaa. Nilimwambia nahitaji miwani. Kuhusu kifua, Neville, nimezaa na kunyonyesha, siwezi kuzimia kwa kuona kifua. Ningependa kuambiwa, hilo nalisema. Ninyi wawili mmenifanya mjinga nyumbani kwangu, na ukirudi tutalizungumza, na hutakuwa na chai mkononi.

Lakini niliposoma yale maneno ya chini ndipo nilipohitaji kukaa.

Nimewaandikia. Nakala hii hapa. Yvonne hajui, usimwambie.

Mama yako,
W. Blanchard


Dukani, Cleethorpes
Jumamosi, 26 Aprili 1975

Kwa Mhariri wa Gong,

Bwana,

Ijumaa ya tarehe 18 mlitoa picha ya binti mwenye soksi. Mlisema anaitwa Davina, ni wa Chelsea, hana mume, na hajui kukaanga hata yai.

Binti huyo anaitwa Yvonne Blanchard na ni mkwe wangu. Ameolewa na mwanangu Neville, aliyeko kwenye mtambo wa mafuta ili ninyi mpate joto maofisini mwenu. Niliketi mstari wa mbele kwenye harusi hiyo na kofia ilinibana, kwa hiyo nina uhakika ilifanyika. Hajawahi kuachwa na mchezaji mpira yeyote. Soksi nilifuma mimi.

Hayo yote mngeweza kuyaita utani. Lakini hili la yai ni tusi kwa duka langu. Nakaanga samaki hapa tangu wakati wa vita, na mama yangu kabla yangu. Mnadhani ningemsimamisha kwenye sufuria yangu mtu asiyejua kukaanga? Wateja wangu wanasoma gazeti lenu. Watasema nini?

Naandika ukweli, na naomba sehemu hii msiichapishe, asije akavimba kichwa: binti huyu anakaanga vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, na vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Rojo lake linalia likitafunwa. Juzi nilikula kipande chake nimesimama nyuma ya mlango ili asinione nikikimaliza.

Sahihisheni.

Bi. Winifred Blanchard, miaka 62


Mtamboni
Jumamosi, 3 Mei 1975

Yvonne mpenzi wangu, mke wangu, kila kitu changu (hesabu: hakuna bili ya umeme inayoandikwa hivi),

Nisamehe kwanza, halafu endelea kusoma.

Leo helikopta ilileta Gong la jana. Dougal alilifungua kama kawaida yake, akamtazama msichana wa siku hiyo, akasoma farasi wake, akageuza. Kwenye ukurasa wa barua akasimama. Akasoma kimya huku midomo inatembea. Halafu akapanda juu ya benchi, mtu mzima yule, akapiga sufuria ya mpishi kwa kijiko.

"Nyamazeni! Kuna mama hapa anazungumza!"

Akaisoma yote. Alipofika kwenye kofia iliyombana, watu walikuwa wameacha kutafuna. Alipofika "ili mpate joto maofisini mwenu", walipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Na alipofika kwenye sehemu ile Mama aliyoomba wasiichapishe, ambayo wameichapisha, pamoja na ombi lenyewe, Dougal alivua kofia.

Akaja mpaka mezani kwangu. "Mchezaji," akasema. "Hebu nione huo mguu."

Nikaupandisha. Akainama, akatafuta kisigino cha kushoto. (Barua ya Mama niliyopata mapema ilikuwa imenieleza mshono ule, nami nilikuwa nimemwambia Dougal mara kumi, hakusikia.) Lakini soksi ile ilikuwa nzima. Ndipo nikakumbuka: zile zenye kosa unazo wewe! Nikamwonyesha picha ukutani. Akachukua kioo cha kukuzia cha mpima mafuta, akasogeza uso kwenye karatasi, chini kabisa, kwenye kisigino, na nadhani ni mara ya kwanza katika historia ya ukuta ule mtu kuangalia huko.

"Mshono umeruka," akasema. Akanipa mkono. "Samahani, bwana. Nimemwita mkeo Davina mbele za watu."

Amekubandua mwenyewe, amekukunja vizuri na kunikabidhi. Pale ulipokuwa, amebandika barua ya Mama. Na wanaume kumi na mmoja wanauliza Mama anafuma soksi kwa bei gani.

Nilikutilia shaka, Yvonne. Ulikuwa unalia huku unafungia watu samaki, nami nilikuwa nimekunja uso kwa sababu ya maneno ya kijana asiyewahi kukutana na msichana. Nikirudi nitakuoa tena jikoni, Mama akiwa shahidi.

Neville, mume wako


Juu ya duka
Jumanne, 6 Mei 1975

Neville wangu, asali, nyota, chumvi na siki yangu,

Nimekusamehe kabla hujaomba, na baada ya kusoma barua yako nimekusamehe tena, kwa raha tu.

Sikujua chochote, mpenzi! Tangu ile jioni ya Bwana Tordoff, Mama alikuwa haniambii zaidi ya "Geuza" na "Toa". Nililala kila usiku nikijua nitafukuzwa. Jumamosi asubuhi nilikuwa nachambua magazeti, sasa sijui hata kwa nini, mazoea tu, nikaona jina letu. Blanchard! Nikaanza kusoma kwa sauti, dukani, wateja wamejaa, nikidhani ni malalamiko ya mtu aliyepata mfupa. Nilipofika "rojo lake linalia likitafunwa", nikafunika uso kwa aproni. Bwana Tordoff akanipokonya gazeti akamalizia, na alisoma ile ya nyuma ya mlango kwa sauti ya Zaburi.

Mama aliinama akajifanya anatafuta chumvi chini ya kaunta. Alikaa huko muda mrefu sana. Alipoinuka alisema, "Niliwaambia wasichapishe." Nikamrukia shingoni na aproni yenye mafuta na kila kitu. Akasema, "Basi, basi, samaki wanaungua." Lakini hakunisukuma, Neville! Alinipapasa mgongoni kama mtu anayepapasa farasi asiyemjua, halafu kama anayemjua.

Na hujaona jambo moja, kwa sababu wanaume hamsomi mpaka mwisho. Tazama chini kabisa ya barua. Yeye aliandika miaka 62. Gong wameandika: "Bi. Winifred, 47, wa Cleethorpes."

Nilimwonyesha kwa woga. Nilidhani atawaandikia tena. Akavaa miwani, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Hm," akasema. "Gazeti lile, mara mojamoja linapatia."

Sasa barua imo kwenye fremu juu ya jiko la kukaangia, pale ilipokuwa picha ya mashua ya babu yako. Jana Ronnie alipiga simu: mhariri anasema barua zimemiminika, watu wanamtaka Mama, wanataka picha yake na sufuria. Mama akamjibu yeye ni mtu wa kanisani, atavaa aproni iliyofungwa mpaka shingoni na hataki kusikia habari za farasi. Akakata simu. Akakwangua sufuria kidogo. Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Yvonne, lile wigi uliliweka wapi?"

Rudi upesi. Leo nimekukaangia yai mezani mahali pako, ili tu liwepo, na Mama amelila. Alisema ni zuri. Nilisubiri aongeze neno. Hakuongeza.

Wako,
Yvonne Blanchard, 24, wa Cleethorpes, ameolewa, anaogopa farasi

TN. Ya Mama: Waambie hao kumi na mmoja wanipe vipimo vya miguu. Na soksi zako, Yvonne amekataa kuzirudisha. Mwache nazo. W.B., 47.